Kurekodi, Kumiksi na Kumasta Muziki kwa Ngazi ya Juu Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo waombaji, wazazi na watayarishaji wa muziki walio kazini tayari hutuuliza kila msimu wa udahili unapokaribia. Majibu yametolewa na wanaofundisha somo hili, na yanamlenga zaidi msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuvuka hatua ya kutengeneza biti na kuingiza sauti, ili asome kwa kina namna ya kurekodi muziki unaopigwa na watu, kuumiksi (kuchanganya na kusawazisha sauti zake) na kuumasta (kuukamilisha kabla ya kutolewa).

Kozi ya ngazi ya juu inaanzia wapi?

Inaanzia pale ambapo mwanafunzi tayari anajua kufungua mradi kwenye programu ya kurekodia, kuunganisha maikrofoni na kadi ya sauti, kuingiza sauti bila kupasuka na kutoa faili la mwisho. Mambo hayo hayarudiwi darasani. Kinachofundishwa ni kuamua: kwa nini itumike maikrofoni hii na si ile, kwa nini iwekwe umbali wa sentimita 20 na si 60, kwa nini gitaa lishushwe badala ya sauti ya mwimbaji kupandishwa. Mwanafunzi hutakiwa kueleza uamuzi wake mbele ya mwalimu na wenzake, wote wakisikiliza kitu kilekile kwenye spika zilezile, na kazi hurudishwa mpaka anachokisema na kinachosikika vilingane.

Nina studio nyumbani na nyimbo nilizorekodi zinapigwa redioni. Chuo kitaniongezea nini?

Hili ndilo swali tunaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu muziki wa kizazi kipya wa Tanzania na Kenya umejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliojifunza kazini, ndani ya vyumba vidogo, bila cheti chochote. Video za mafunzo nazo zipo nyingi na baadhi ni nzuri sana. Ujuzi wa vifaa, kwa hiyo, unapatikana bila kulipa ada.

Kisichopatikana kwa urahisi ni mambo matatu. La kwanza ni chumba kinachosema ukweli, yaani chumba ambacho sauti zake zimepimwa na kutulizwa, hivyo unachokisikia ndicho kilichorekodiwa. La pili ni wapigaji halisi wa ala mbalimbali, ambao mtu anayefanya kazi za biti anaweza kumaliza miaka mingi bila kukutana nao. La tatu, ambalo kwetu ndilo kubwa zaidi, ni sikio la mtu mwingine aliyezoea kusikiliza, anayekaa kando yako na kukuambia kwamba ile besi unayoiona nene imefunika ngoma, na anakaa hapo mpaka wewe mwenyewe uisikie. Chuo kisicho na hayo matatu, hata kiwe na meza ya miksi ya gharama gani, hatuwezi kumshauri mtu aache studio yake kwa ajili yake.

Je, ni lazima nijue kupiga ala au kusoma nota?

Inategemea chuo. Huko Detmold, Ujerumani, ambako mafunzo ya wahandisi wa sauti wenye elimu ya muziki yalianza mwaka 1949, mwombaji hufanyiwa usaili wa kupiga ala kama mwanamuziki yeyote. Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza, chenye shahada ya namna hiyo tangu mwaka 1970, na Chuo Kikuu cha McGill cha Montreal, kilichoanzisha programu yake ya uzamili mwaka 1979, vimefuata mkondo uleule. Vyuo vingine havidai kiasi hicho. Maoni yetu ni kwamba mwanafunzi asiyejua nota anaweza kuwa mhandisi mzuri, lakini asiyeweza kuhesabu mapigo, kutambua kiitikio kinapoanza au kusikia kwamba gitaa limeachana na ufunguo wa wimbo atawachelewesha wanamuziki siku ya kurekodi, nao wanamuziki hukumbuka.

Hesabu na fizikia zinahitajika kiasi gani?

Kiwango cha kidato cha nne kinatosha kwa kuanzia, ili mradi mwanafunzi asiogope mawimbi wala logi (logarithimu). Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewani. Kutokana na namba hiyo moja, mwanafunzi anajua kwamba wimbi la besi la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu unaokaribia mita 7, na kwamba chumba chenye urefu wa mita 3.5 kitakuza sauti zilizo karibu na hezi 49, hata kabla hajawasha spika. Anajua pia kwamba maikrofoni mbili zinazopokea ala moja kwa nguvu sawa, moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa sentimita 34, zinapishana kwa milisekunde 1, na kwamba zikichanganywa zitaua sauti kwenye hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea. Fundi asiyejua hesabu hii husikia tu kwamba gitaa limekuwa jembamba, halafu huanza kuongeza masafa kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha masafa fulani), wakati ambapo kusogeza maikrofoni kungemaliza tatizo.

Upande wa dijitali, mwanafunzi anapaswa kuelewa kwa nini kiwango cha sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) lazima kizidi mara mbili ya sauti ya juu kabisa inayotakiwa kuhifadhiwa. Sikio la binadamu hufika takriban hezi 20,000, na ndiyo sababu sampuli 44,100 kwa sekunde za CD zinatosha. Anapaswa kuelewa pia kwamba biti 16 (hapa biti ni tarakimu za kompyuta zinazoandika kila sampuli, si biti ya muziki) hutoa nafasi ya desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti kubwa na ndogo kabisa, ilhali biti 24 hutoa 144 kwa hesabu. Kwa hiyo anayerekodi kwa biti 24 hana sababu ya kusukuma sauti mpaka karibu na sifuri, yaani kilele cha mfumo wa dijitali; akibaki na wastani wa desibeli 18 chini ya kilele hicho, ana usalama wa kutosha mwimbaji anapopaza sauti ghafla.

Mazoezi ya kusikia hufanywaje?

Tunayatilia mkazo kuliko somo lolote, na mwanafunzi huyafanya kila siku ya masomo, hata kama ni kwa nusu saa tu. Huanza na masafa: muziki unapigwa, mwalimu anaongeza desibeli 12 kwenye eneo moja, iwe hezi 125, 250, 500, 1,000 au 4,000, na mwanafunzi anataja eneo lililoguswa. Wiki zinavyokwenda ongezeko hupunguzwa mpaka desibeli 3, kisha huingia upunguzaji, ambao ni mgumu zaidi kuutambua kuliko uongezaji. Baadaye hufuata kompresa (kifaa kinachobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), urefu wa mwangwi, tofauti za fezi (kupishana kwa mawimbi) na kasoro ndogo kama mpasuko uliofichwa ndani ya mpigo wa ngoma.

Zoezi linalowashtua wengi ni la kulinganisha bila kuona. Mwanafunzi huletewa miksi mbili na kuulizwa ipi ni bora. Karibu kila mara huchagua ile iliyo kubwa kidogo kwa sauti, hata kama ni wimbo uleule usiobadilishwa chochote. Sababu yake inajulikana. Utafiti wa Fletcher na Munson uliochapishwa mwaka 1933 ulionyesha kwamba sikio letu husikia besi na sauti za juu kwa udhaifu muziki unapokuwa chini, na kwamba kadiri sauti inavyoongezwa ndivyo zinavyojitokeza. Mtu anayewasha plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) na kuipenda papo hapo huenda amependa desibeli 1 iliyoongezeka. Tangu siku hiyo mwanafunzi hufundishwa kusawazisha viwango kabla ya kulinganisha chochote, na kwa maoni yetu tabia hiyo peke yake huboresha miksi zake kuliko programu yoyote atakayonunua.

Je, mtaala unahusu muziki wetu, au nitajifunza kurekodi rock na orkesta za Ulaya tu?

Mwombaji ana haki ya kuuliza hili kabla ya kulipa ada, na akijibiwa kwa maneno ya jumla aendelee kuuliza. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu waliozoea dramu, gitaa la umeme na piano. Kanuni za fizikia ni zilezile, lakini maamuzi hubadilika.

Tuchukue taarabu. Udi una sauti ya chini inayotoka mwilini na mguso wa risha unaotoka kwenye nyuzi; maikrofoni ikiwekwa mbele kabisa ya tundu, besi huvimba na maneno ya udi hupotea. Ala iitwayo kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na mng'ao wake huweza kufunika fidla endapo maikrofoni itaelekezwa moja kwa moja mahali mpigaji anapokwanyulia. Zaidi ya hapo, kikundi cha taarabu hupumua pamoja: fidla, nai na akordiani hufuata sauti moja, kila mmoja akiipamba kwa njia yake, na ukiwatenganisha ili kila mpigaji arekodiwe peke yake na hedifoni masikioni, mapambo hayo hupoa. Hivyo mwanafunzi hujifunza kuwaketisha wapigaji wakionana, kukubali kwamba kila maikrofoni itadaka ala za jirani, na kuupanga mdako huo usaidie. Kanuni ya kuanzia ni kwamba maikrofoni mbili ziachane angalau mara tatu ya umbali uliopo kati ya kila maikrofoni na ala yake. Baada ya hapo sikio huamua.

Historia yetu inafundisha jambo hilohilo. Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za kampuni ya HMV, katika enzi ambayo wimbo ulitoka kama ulivyopigwa, bila nafasi ya kurudia sehemu moja. Bendi za dansi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam wapigaji wote wakipiga kwa pamoja, na hadi leo mtu akisikiliza rekodi hizo anasikia gitaa la solo, la ridhimu na la besi kila moja likiwa na nafasi yake. Nafasi hiyo ilitokana na wanamuziki waliojua kupisha, na mafundi waliojua mahali pa kusimamisha maikrofoni. Tunapenda wanafunzi wazisikilize rekodi hizo kwa heshima ileile wanayozipa za Marekani, kisha wajaribu kurekodi bendi nzima kwa maikrofoni mbili tu. Zoezi hilo huonyesha upungufu wote wa chumba, wa mpangilio na wa fundi kwa siku moja.

Kwa nini muda mwingi hutumika kwenye chumba, na si kwenye plagini?

Kwa sababu kila uamuzi wa miksi hupitia chumbani kabla ya kufika sikioni. Chumba kinachokuza hezi 49 kitakufanya upunguze besi. Wimbo ukifika kwenye gari au ukumbini utakuwa umepungukiwa. Povu jembamba la ukutani hutuliza sauti za juu tu na kuziacha za chini zikizunguka, hivyo mwanafunzi hujifunza kutengeneza mitego minene ya besi ya pembeni kwa sufi ya mawe na kitambaa, kupima matokeo kwa maikrofoni ya vipimo, na kuchagua mahali pa kukaa. Gharama yake si kubwa ikilinganishwa na bei ya spika mpya, na ujuzi huu hubaki naye popote atakapofungua studio.

Katika kumiksi, ni nini hasa kinachofundishwa?

Kwanza ni kupanga viwango bila kugusa kifaa chochote kingine. Mwanafunzi hupewa traki 24 na kutakiwa kutoa miksi inayosikilizika kwa kupandisha na kushusha sauti na kuzipanga kushoto na kulia tu. Wengi hugundua kwamba sehemu kubwa ya kazi imekamilika hapo. Kisha huja ikwalaiza, kompresa, mwangwi na uendeshaji wa viwango sehemu kwa sehemu, kwa kuwa sauti ya mwimbaji wa ubeti mara nyingi haihitaji kiwango kilekile cha kiitikio.

Mfano wa singeli unaeleza vizuri kina tunachokitaka. Muziki huu wa Dar es Salaam huenda mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Kwa mapigo 200, kati ya pigo moja na jingine kuna milisekunde 300 tu. Ngoma ya besi ambayo mlio wake hudumu milisekunde 400 itakuwa bado inalia pigo linalofuata linapofika, na matokeo yake ni uji wa sauti za chini usio na pigo. Kompresa iliyowekewa muda mrefu wa kuachia haitafunguka kabisa. Itabaki imebana wimbo mzima. Mtu aliyekariri mipangilio kutoka kwenye mafunzo ya muziki wa mapigo 90 ataona vifaa vyake vimeharibika, kumbe hajafanya hesabu ya muda. Aliyeelewa atafupisha mlio wa ngoma, ataweka muda wa kuachia ulio chini ya milisekunde 300, na ataupa usemi wa mwimbaji nafasi katikati ya masafa.

Jambo jingine ni simu. Wasikilizaji wetu wengi husikia wimbo kwanza kwa spika ya simu, ambayo karibu haitoi kabisa sauti zilizo chini ya hezi 200. Uzi wa chini wa gitaa la besi hulia kwa hezi 41. Ili besi isikike simuni, fundi huimarisha sauti zake za juu, yaani zile zinazotokana na kuzidisha 41, hasa za hezi 205, 246, 287 na kupanda, ambazo ubongo huzitumia kukisia sauti ya chini isiyokuwepo. Kazi hii hufanywa kwenye miksi, kwa kipimo, na hukaguliwa kwa simu halisi.

Kumasta ni nini, na kwa nini nijifunze ilhali zipo programu zinazomasta zenyewe?

Kumasta ni ukaguzi na marekebisho ya mwisho ya miksi iliyokwisha kukamilika, na utayarishaji wake kwa kila mahali utakapotumika. Kwa albamu, ni pamoja na kuhakikisha nyimbo kumi zilizorekodiwa katika studio tofauti zinasikika kama familia moja, na kupanga ukimya kati ya wimbo na wimbo. Programu hupima wimbo na kuusogeza kuelekea wastani wa nyimbo nyingine. Haiwezi kumpigia simu aliyemiksi na kumwambia kwamba herufi za s za mwimbaji zinachoma na ni heri zirekebishwe kwenye traki yake. Fundi mzuri wa kumasta hurudisha miksi mara kwa mara, na mara nyingine huiacha karibu kama ilivyo.

Kuhusu ukubwa wa sauti, tunaomba waombaji waachane na imani kwamba wimbo mkubwa zaidi hushinda. Kipimo kinachotumika sasa ni LUFS, kinachokadiria ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, na kilitokana na pendekezo la ITU (Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano) la mwaka 2006. Watangazaji wa Ulaya walikubaliana mwaka 2010 juu ya LUFS -23, na Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14. Wimbo uliobanwa mpaka -7 utashushwa desibeli 7 na mtambo, na mbele ya msikilizaji utabaki na ubanaji wake bila ule ukubwa uliotafutwa. Sisi hufundisha kuacha kilele halisi desibeli 1 chini ya sifuri ili ubadilishaji kwenda MP3 na aina nyingine usilete mpasuko, na kuongeza ditha (kelele ndogo sana ya makusudi inayoficha makosa ya kupunguza biti) pale faili linaposhushwa kutoka biti 24 hadi 16.

Tunatumia programu gani?

Pro Tools hufundishwa kwa sababu studio nyingi kubwa huitumia. Cubase, Logic, FL Studio na Reaper zinakubalika kwa kazi za nyumbani. Hakuna anayefeli kwa sababu ya programu.

Je, masikio yangu yatakuwa salama?

Yakilindwa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye kelele za desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100 inabaki robo saa. Uharibifu wa sikio la ndani hauponi. Kwa hiyo spika za darasani zina kikomo, mwanafunzi hupumzika kila saa, na anayefanya kazi kumbini wikiendi hutakiwa kuvaa vizibo.

Mimi ni mzazi. Mtoto wangu atapata riziki kwa kazi hii?

Swali la haki, na jibu lake halipaswi kupambwa. Wachache huishi kwa kumiksi nyimbo za wasanii peke yake. Wengi huunganisha kazi: redio na televisheni, sauti za filamu na matangazo, vipindi vya mtandaoni, mitambo ya makanisa na kumbi, kurekodi kwaya, na uhamishaji wa tepu za zamani kwenda dijitali, kazi yenye haraka kwani tepu huchakaa. Mwenye stadi za aina nyingi hakosi mlango wa kubisha. Tunawafundisha pia mikataba na hakimiliki, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zinatambua haki za aliyetayarisha rekodi, mbali na zile za mtunzi na mwimbaji. Kijana asiyeandikiana na mtu kabla ya kurekodi huzipoteza akiwa haelewi alichopoteza.

Naweza kuanzia wapi karibu na nyumbani?

Kwa msingi wa muziki wenyewe, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi cha Zanzibar, kilichofunguliwa mwaka 2002, hufundisha taarabu na ala zake, na TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ina historia inayoanzia Chuo cha Sanaa cha mwaka 1981. Kabla ya kujiandikisha chuo chochote, nenda ukaone. Omba kuketi katika darasa moja la kusikiliza, uliza kila mwanafunzi hupata saa ngapi za studio kwa wiki, uliza ni lini mara ya mwisho kikundi kizima kilirekodiwa hapo, na uombe kusikia kazi za wanafunzi, zikiwemo ambazo hazikupata alama nzuri.

Nilete nini siku ya usaili?

Lete rekodi tatu ulizozifanya mwenyewe, zikiwa kwenye faili za WAV, pamoja na mradi mzima wa mojawapo ili tuufungue pamoja. Angalau moja iwe na ala au sauti iliyorekodiwa kwa maikrofoni. Lete pia wimbo mmoja wa mtu mwingine unaoupenda jinsi ulivyorekodiwa, kwa sababu tutaupiga kwenye spika za chumba na kukuomba ueleze, kwa maneno yako, unachokisikia ndani yake.